Stakabadhi Namba 391

Kwa miaka ishirini na sita Smaranda Vuia alikuwa akifundisha siasa za China na haki za binadamu katika chuo kikuu kimoja cha Timisoara, na kwa miaka yote hiyo hakuna jirani hata mmoja katika jengo lao aliyejua hasa kazi hiyo inamfaa nani. Wazee waliocheza dama kwenye benchi la mbele ya lango walimpachika jina la Mchina.

"Mchina, huko kwenu kunasemaje?" walimtania kila alipopita na mkoba wake.

"Huko kwetu mvua. Kwenu je?"

"Kwetu njaa!"

Wakacheka, naye akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, ambako mama yake, Eufrosina, alikuwa akimngoja na maneno mengine makali zaidi. Bibi huyo alikuwa na miaka themanini na mbili, magoti yamemchoka lakini ulimi haujambo.

"Binti wa Viorica kasomea meno," alipenda kusema huku akisonga ugali wake wa mahindi. "Meno kila mtu anayo. Wewe ukaenda kusomea watu walio mwisho wa dunia. Nani ataumwa na China hapa Timisoara, eh?"

Lakini Eufrosina alijua vizuri kwa nini bintiye alichagua njia hiyo. Mwaka 1981, Smaranda akiwa na miaka kumi na tano, baba yake, dereva wa tramu, alikamatwa na polisi akiwa kazini kwa sababu alitia sahihi barua ya kulalamikia mgao wa nyama. Eufrosina alisafiri hadi Bukareshti mara kumi na moja kumtafuta. Kila mara alipeleka barua dirishani, na kila mara karani wa masijala alimpa kikaratasi chenye namba, akamwambia arudi nyumbani kungoja. Smaranda alifuatana naye safari nne. Baba alirudi baada ya miaka mitatu, amekonda kama ufito, na hakuwahi kusimulia chochote hadi alipozikwa.

Kwa hiyo Smaranda alipojifunza Kichina, akafika Beijing kwa mara ya kwanza na kukuta barabara moja imejaa watu kutoka mikoani, wamebeba mabegi na barua za malalamiko, kila mmoja ameshikilia kikaratasi chenye namba, hakuhitaji kuelezwa. Alijua amefika kwenye kazi yake. Mmoja alinyang'anywa shamba, mwingine mtoto wake alifia mikononi mwa polisi, mwingine nyumba yake ilibomolewa yeye akiwa ndani anapika. Wote walikuja kumshtaki mkubwa mdogo kwa mkubwa mkubwa, na wengi waliishia kusombwa kwenye magari na kurudishwa makwao kwa vipigo. Smaranda alikaa nao, akala nao tambi kwenye vibanda, akaomba nakala za stakabadhi zao. Kufikia mwaka huu ninaousimulia, 2019, alikuwa nazo mia nne na kumi na mbili, kwenye maboksi ya viatu ofisini kwake, majina yote yamefunikwa kwa karatasi nyeusi kama alivyowaahidi wenyewe.

Jambo moja tu lilimkera, nalo hakupenda kulisema. Ili aendelee kupewa visa, alijifunza kuandika kwa tahadhari. Pale alipotaka kuandika kwamba watu wanapigwa, aliandika "changamoto za utendaji wa masijala". Makala zake zilisomwa na watu labda arobaini duniani, na darasa lake lilikuwa na wanafunzi sita.

*

Mwezi wa Aprili simu yake ililia. Alikuwa ni wakili kijana, Ilarie Bunea, ambaye alitetea watu walioomba hifadhi ya ukimbizi.

"Profesa, samahani kwa usumbufu. Unasoma Kichina?"

"Ndicho kinachonilisha."

"Basi nina mama mmoja hapa. Ofisi ya wahamiaji imemkatalia. Wanasema karatasi yake ni ya kughushi. Mimi nikiitazama naona vijiti tu. Unaweza kuja kuitupia jicho?"

Smaranda alikwenda siku ileile alasiri. Ofisi ya wakili ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mikate, na ndani yake, kwenye ukingo wa kiti kana kwamba atafukuzwa wakati wowote, alikaa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na sita, vidole vyake vimejaa alama za sindano. Jina lake Qiu Yuemei. Alikuwa ameletwa Rumania kushona suruali kiwandani kwa mkataba wa miaka miwili. Mkataba ulipokwisha, wenzake walipanda ndege, yeye akaenda kwa miguu hadi kituo cha polisi, akasema neno moja la Kirumania alilokuwa amelikariri: hifadhi.

Smaranda alimsalimu kwa Kichina. Mwanamke yule alishtuka, kisha akasimama.

"Mwalimu," alisema, "wewe unatoka Henan?"

"Hapana, dada. Natoka hapa hapa, mtaa wa pili."

"Mbona unaongea kama watu wa kwetu?"

"Niliongea nao sana. Kaa, tafadhali. Nisimulie."

Yuemei alisimulia. Kaka yake, mchimbaji, alikamatwa mwaka 2009 baada ya kudai mishahara ya wenzake, na baada ya siku tisa familia ikaletewa mwili. Waliambiwa aliteleza bafuni. Yuemei ndiye aliyemwosha, na aliyoyaona mgongoni mwake hayakufanywa na bafu. Kwa miaka saba alipeleka barua wilayani, mkoani, Beijing. Alifungiwa chumbani mara tatu. Mara ya tatu walimvunja mkono. Ndipo binamu yake akamtafutia kazi ya kushona mahali pa mbali kabisa.

"Na ushahidi wangu ndio huu," alisema, akamsogezea karatasi mbili.

Ya kwanza ilikuwa stakabadhi ya masijala ya mkoa, namba 391, Septemba 2011. Wakili Ilarie alieleza: ofisi ya wahamiaji ilikuwa imegundua kwamba jina la idara lililochapwa juu ya karatasi ni la idara iliyofutwa miaka mitatu kabla ya tarehe hiyo. Idara haipo, stakabadhi itatoka wapi? Kwa hiyo ni ya kughushi, na mwombaji ni mwongo.

Smaranda aliitazama karatasi, akaisoma tarehe mara mbili. Alimgeukia Yuemei.

"Siku hiyo ulipanga foleni dirisha gani?"

"La tatu. La kwanza lilikuwa limefungwa kwa ubao."

"Karani alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mnene. Ana chupa ya chai. Anabangua mbegu za alizeti, maganda anatemea juu ya barua zetu." Yuemei alikunja uso. "Alitemea juu ya jina la kaka yangu. Nikayafuta kwa mkono."

Katika safari yake moja ya Henan, Smaranda alikuwa amesimama mbele ya dirisha hilohilo mwezi huohuo. Alimwona mtu huyo, aliona maganda. Na alijua jambo ambalo mkaguzi wa ofisi ya wahamiaji asingeweza kulijua akiwa mezani kwake: mwaka ule masijala ile iliishiwa fomu mpya, ikamaliza zile za zamani zilizobaki stoo.

"Karatasi hii ni ya kweli," alimwambia wakili. "Naweza kuithibitisha."

Ilarie alipiga meza kwa furaha. "Nilijua! Nilijua tu! Na hii ya pili? Hati ya kukamatwa. Hii wenyewe hawakuigusa hata kidogo."

Smaranda aliichukua ya pili, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Furaha yake ikanywea. Hati ilitaja cheo ambacho kituo cha polisi cha wilaya hakina, na muhuri wake haukugongwa, ulichapwa kwa mashine pamoja na maneno. Alimtazama Yuemei. Yuemei alikuwa akitazama sakafu.

*

"Uiondoe hiyo ya pili," Smaranda alimwambia wakili kesho yake, wakiwa peke yao.

"Siwezi, Profesa. Imo kwenye faili tangu siku ya kwanza. Nikiitoa nitaulizwa kwa nini. Wewe zungumzia stakabadhi, basi. Ya pili hawajaona kasoro yake."

"Nimeiona mimi."

"Lakini hakuna atakayekuuliza!"

"Wakiuliza?"

"Hawataulizaa!" Ilarie aliuvuta mwisho wa neno kama mtoto anayebembeleza. Kisha akachoka kubembeleza. "Samahani, kwani wewe uko upande wa nani? Yule mama akirudishwa unajua kinachomngoja. Umeandika vitabu juu yake."

Maneno hayo yalimchoma Smaranda kuliko wakili alivyodhani, maana vitabu vyake havikuwa vimesema waziwazi kinachomngoja.

"Bwana Bunea, nikisimama pale wataniamini kwa sababu ninajua karatasi. Nikificha moja, sijui tena karatasi. Nitakuwa mama mmoja tu anayemwonea huruma mwenzake. Wa namna hiyo mnao wengi, na kesi mnashindwa."

"Basi mwambie mwenyewe," alisema Ilarie. "Mimi mdomo wangu hauwezi."

Alimwambia. Walikaa kwenye benchi kando ya mfereji wa Bega, watu wakipita na baiskeli. Yuemei alimsikiliza hadi mwisho, kisha uso ukamwiva.

"Mwalimu, unajua nilikamatwa mara ngapi? Mara tatu! Unajua walinipa karatasi ngapi? Hata moja! Wanakuja na gari lisilo na namba, wanakufunika kichwa, karatasi ya nini? Dalali akaniambia, wazungu hawaamini mtu, wanaamini karatasi. Ukienda bila hati ya kukamatwa watakucheka. Nikanunua. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningenunua," alisema Smaranda.

Yuemei alimgeukia. Hakulitarajia jibu hilo.

"Ningenunua, dada. Lakini sasa tumwambie jaji hayo uliyoniambia mimi, vilevile ulivyoyasema. Gari lisilo na namba. Kichwa kufunikwa. Dalali. Yote."

"Na asipoamini?"

"Huenda asiamini."

"Unaongea kama daktari mbaya," Yuemei alisema kwa hasira, akaondoka bila kuaga.

Siku mbili hakupokea simu ya mtu yeyote. Siku ya tatu alimpigia wakili, akamwambia kwa Kirumania chake cha kiwandani, "Sema kweli. Mimi nimechoka kukumbuka uongo."

*

Kulikuwa na kikwazo kingine, nacho kilikuwa cha Smaranda mwenyewe. Mkuu wa kitivo, Tiberiu Lascu, ambaye walisoma pamoja na ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwita akamfungia mlango.

"Mwaliko wako umefika," alisema, akitabasamu. "Miezi mitatu Beijing, kuanzia Oktoba. Umeungoja miaka mingapi?"

"Mitano."

"Sasa nasikia habari za mahakamani. Smaranda, wewe unawajua kuliko mimi. Ukisimama pale na jina lako likaandikwa gazetini, mwaliko huu utaufungia vitumbua. Na si huu tu. Hutakanyaga tena kule maisha yako yote."

"Najua."

"Mtu mmoja, Smaranda. Kwa ajili ya mtu mmoja unafunga mlango wa utafiti wa miaka ishirini. Hata kwa hesabu ya haki za binadamu, sijui kama inalipa."

Smaranda alirudi nyumbani akamkuta mama yake anaviringisha maandazi ya viazi, yale ya kuchemshwa ambayo ndani yake huwekwa tunda zima la plamu. Smaranda alinawa mikono, akaanza kumsaidia kuziba plamu ndani ya unga, na katika kufanya hivyo akajikuta amemwaga yote.

Eufrosina hakumkatiza. Alipomaliza, bibi alifuta unga mikononi.

"Unamkumbuka yule karani wa Bukareshti, mwenye shati la bluu?"

"Simkumbuki, Mama."

"Hukuwepo. Ilikuwa safari ya saba. Nimefika dirishani, miguu imevimba, nimempa barua. Akatazama nyuma kama kuna mtu, akaniambia, 'Mama, barua zako zote sita nimeziona. Zipo. Mumeo jina lake lipo.' Basi. Hakunisaidia kitu kingine hata chembe. Lakini miezi saba watu walikuwa wananitazama kana kwamba mume nilimwota. Kwamba sikuwahi kuwa na mume. Yule akasema ameziona." Bibi alichukua donge jingine la unga. "Siku ile nilipanda treni nikiwa mtu mzima. Sasa wewe umeiona karatasi ya yule mama au hukuiona?"

"Nimeiona."

"Basi nenda kaseme umeiona. Na hizo plamu ziba vizuri, zitapasuka kwenye maji, unafanya kazi kama mwanamume."

*

Kesi ilisikilizwa Juni, katika chumba chenye joto na feni moja iliyozunguka kwa manung'uniko. Jaji alikuwa mama wa makamo, Cosmina Avram, aliyevaa miwani na kuivua kila mara. Ofisi ya wahamiaji iliwakilishwa na Bwana Pricop, mtu nadhifu, asiye na haraka. Nyuma kabisa alikaa mwandishi mmoja wa gazeti la mjini.

Kabla ya kuulizwa lolote, Smaranda aliomba ruhusa ya kusema neno.

"Mheshimiwa Jaji, nimeombwa kuzungumzia karatasi moja. Lakini faili lina karatasi mbili kutoka China, na nimezichunguza zote mbili. Hati ya kukamatwa si ya kweli. Ni ya kughushi."

Mkalimani alimnong'oneza Yuemei, naye akaitikia kwa kichwa, mikono imefumbatana magotini. Bwana Pricop aligeuka polepole kama mtu aliyeokota kitu cha thamani barabarani.

"Kumbe! Shahidi wa mwombaji mwenyewe. Basi tumekubaliana, Profesa, kwamba mwombaji amedanganya?"

"Kwa karatasi hiyo, ndiyo. Sababu ataieleza mwenyewe. Mimi naweza kueleza kwamba watu wanaokamatwa kwa namna hiyo hawapewi hati. Nimezungumza na zaidi ya mia mbili. Waliokuwa na hati ya kweli ni wanne tu. Mtu akija hapa na hati nzuri sana, mimi ndipo ninapoanza kuwa na shaka."

Jaji alivua miwani. "Na ile nyingine?"

"Ile ni ya kweli."

"Yenye jina la idara iliyofutwa?" aliuliza Pricop.

"Ndiyo. Fomu mpya ziliwaishia, wakatumia za zamani. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo. Ndivyo unavyosema. Kuna kingine zaidi ya neno lako?"

Smaranda alifungua mkoba wake, akatoa bahasha. Usiku uliotangulia alikuwa amelala vizuri, jambo ambalo hakulitegemea, maana alikuwa amekwisha kata shauri.

"Hii ni nakala ya stakabadhi niliyopewa na mtu mwingine, nje ya masijala ileile, Septemba 2011. Namba 388. Tofauti ni watu watatu kwenye foleni. Fomu ni ileile ya zamani. Mwandiko ni wa karani yuleyule. Tazama tarakimu nane anavyoiandika, kama yai lililovunjika. Nakala hii nimekuwa nayo miaka minane. Na picha yake niliichapa katika makala yangu ya mwaka 2013, wakati mwombaji alikuwa bado kijijini kwake na hajui kama kuna nchi inaitwa Rumania."

Alipeleka karatasi mbele. Jaji aliziweka mbili sambamba, akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akagusa ile karatasi nyeusi.

"Jina limefunikwa. Ni nani huyu?"

"Siwezi kusema, Mheshimiwa."

"Hii ni mahakama, Profesa."

"Nafahamu. Lakini nilimwahidi, na yeye bado yuko kule." Alifunga mkoba wake. "Mimi kesho narudi kwangu. Yeye atagongewa mlango."

Pricop aliinuka kupinga. Jaji alimwinulia kidole akae, akaendelea kutazama zile nane, mbili za namba 388 na moja katika tarehe ya namba 391, ambayo ilikuwa Septemba 28. Hatimaye alimgeukia Yuemei.

"Mama, kwa nini ulileta hati ya uongo?"

Yuemei alisimama. Mkalimani alijiandaa, lakini yeye alisema mwenyewe kwa Kirumania, taratibu, akitafuta kila neno.

"Mimi kweli ninayo. Kweli haina karatasi. Uongo una karatasi. Mimi naogopa, mimi nunua."

Halafu akaendelea kwa Kichina, na mkalimani akamfuata nyuma, akasimulia gari lisilo na namba na mfuko wa kichwani, na siku aliyomwosha kaka yake. Alisimulia dakika ishirini. Bwana Pricop aliandika mwanzoni, kisha akaacha kuandika.

*

Gazeti la mjini liliandika kesho yake, na jina la Smaranda likatajwa mara tano. Wiki ya pili ikaja barua fupi kutoka Beijing: kutokana na mabadiliko ya ratiba, mwaliko wa Oktoba hautawezekana. Hawakutaja tarehe nyingine. Smaranda aliisoma ofisini, amesimama, akaenda dirishani, akalia. Kulikuwa na kibanda kimoja cha tambi karibu na stesheni ya kusini ya Beijing, na mzee mmoja aliyekuwa akimwekea kiti cha plastiki kila alipotokea. Alijua hatamwona tena. Tiberiu aliingia, akamkuta katika hali hiyo, akafunga mlango nyuma yake.

"Nilikuambia," alisema. Kisha akamkabidhi leso yake. "Lakini nimesoma gazeti. Mke wangu kalikata, kalibandika kwenye friji. Kila nikitaka maziwa nakutana na sura yako."

Smaranda alicheka na machozi yake.

Hukumu ilitoka Julai. Jaji Avram aliandika kurasa kumi na nne. Alisema shahidi aliyeanza kwa kusema jambo baya dhidi ya upande uliomwita alikuwa ameipa mahakama sababu ya kumsikiliza katika mengine, na kwamba kukosekana kwa hati katika nchi ambako watu hukamatwa bila hati hakuwezi kuwa kosa la aliyekamatwa. Qiu Yuemei alipewa hifadhi.

Ilarie alipiga simu akipiga kelele hadi Smaranda akaiweka mbali na sikio. Yuemei mwenyewe hakupiga. Alikuja. Alipanda ghorofa tatu na sufuria ya maandazi ya nyama, akakutana na Eufrosina mlangoni. Wawili hao hawakuwa na lugha ya kuzungumza isipokuwa yale maneno ya Yuemei ya kiwandani.

"Ingia, ingia, mbona umesimama kama mtoza kodi," alisema Eufrosina. "Hii nini? Mbona nyeupe hivi? Imeiva?"

"Imeiva, Mama. Kula."

Eufrosina aliuma moja, akatafuna, akawaza. "Haina chumvi," alitoa hukumu, akachukua la pili.

Vuli ile Smaranda, badala ya kupanga mizigo ya Beijing, alikaa ofisini akaanza kitabu kipya. Kwa mara ya kwanza hakupima maneno kwa mizani ya visa. Pale watu walipopigwa aliandika kwamba walipigwa, na kwa kitu gani. Ilimtisha siku za kwanza, kisha ikawa kama kuvua viatu vilivyobana. Darasa lake lilifunguliwa kwa wanafunzi ishirini na watatu. Msichana mmoja alikiri kwamba alikuja kwa sababu ya gazeti, akidhani ni somo la upelelezi.

Yuemei alipata kazi kwa fundi cherehani karibu na soko, na Jumamosi alianza kuja chuoni. Smaranda alikuwa na barua nyingi za walalamikaji ambazo miaka yote zilimshinda, zimeandikwa kwa haraka na kwa lahaja ya vijijini. Yuemei alizisoma kwa sauti kama anayesoma orodha ya dukani. "Hili si jina la mtu, Mwalimu. Hili tusi." Akalifafanua, na Smaranda, mwenye shahada tatu, akaona haya kulipiga chapa.

Mwezi wa Novemba simu ililia wakiwa kazini. Alikuwa wakili wa kike kutoka Galati, upande wa pili wa nchi, ambaye alikuwa amesoma hukumu. Alikuwa na mtu, baba wa makamo kutoka Anhui, karatasi zake zimekataliwa, tarehe ya mahakama imekaribia. Je, Profesa angeweza?

Smaranda alifunika simu kwa kiganja, akamweleza Yuemei.

"Ana karatasi ngapi?" aliuliza Yuemei.

"Saba."

"Saba! Basi nne kanunua." Alianza kukusanya barua na kuzirudisha kwenye boksi. "Mwambie asiseme lolote mpaka tufike. Treni ya Galati ni saa ngapi?"